Dereva Aliyepewa Bili

Shangazi yangu ana hoteli Mikumi, pembeni ya barabara kuu, pale malori ya Zambia yanapopita yakitikisa vifuniko vya sufuria. Naiita hoteli kwa sababu huku kwetu chumba chochote chenye meza na harufu ya pilau ni hoteli. Kitanda hakuna, labda ulihesabu lile benchi la nje ambalo mpishi hulalia baada ya chakula cha mchana, akikoroma kiasi cha kuwafanya tembo wa hifadhini wafikirie kuhamia Ruaha.

Hoteli ile inaishi kwa basi moja. Mabasi yanayopita ni mengi kama siafu, lakini linalosimama kwetu ni moja tu, lile la mchana litokalo Dar kwenda Mbeya. Likishatoka hifadhini, kabla halijafika kwenye matuta ya barabarani, dereva hupiga honi mbili ndefu. Honi hiyo ndiyo saa yetu ya ukutani. Mpishi anaamka, anafunua masufuria. Wahudumu wanapanga sahani. Shangazi anakaza kitenge kiunoni na kuvaa tabasamu. Mara basi zima linamwagika mlangoni, kila abiria na njaa ya wiki, ingawa tangu Chalinze hajapumzisha mdomo: korosho, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha.

Makubaliano kati ya Shangazi na dereva hayakuandikwa popote, na wala hayakuhitaji kuandikwa, kwa sababu kila mtu wa barabara hii anayajua. Dereva analeta abiria. Dereva na konda wake wanakula bure. Yeye ana meza yake dirishani, ili alione basi lake, na chakula chake hakijabadilika tangu nikiwa sijaota ndevu: ugali, paja la kuku wa kienyeji, mchuzi kwenye bakuli la pembeni, na pilipili mbuzi moja nzima isiyokatwa. Shangazi humpelekea mwenyewe, kwa mikono miwili.

Tatizo lilikuwa kelele. Abiria wote wanaagiza kwa pamoja, wahudumu wanapiga mayowe kuelekea jikoni, mpishi anajibu kwa mayowe kutoka jikoni, na katikati ya hayo mtu aliyeagiza samaki anapewa maini, aliyeagiza maini anapewa chenji ya mwenzake, na mama mmoja wa Makambako aliwahi kupewa mtoto wa abiria mwingine amshikie akaondoka naye hadi ndani ya basi. Basi likawa linachelewa. Siku moja dereva alimwambia Shangazi huku akinawa mikono:

"Mama, ofisini wananiuliza kila siku nimelala wapi. Na jirani yako wa hoteli ya ng'ambo ya barabara ameshanifuata mara mbili. Ana choo chenye vigae."

"Vigae vinaliwa?" Shangazi akauliza.

"Haviliwi, Mama. Lakini abiria wake hawachelewi."

Shangazi alicheka, ila nilimwona anakaza kitenge ambacho hakikuwa kimelegea. Basi lile likihamia ng'ambo tunabaki na madereva wa malori wawili watatu na ndizi za kuning'iniza. Hapo ndipo mimi nilipojitokeza.

Ieleweke kwamba mimi ndiye msomi wa ukoo. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni Kilosa mjini, mchana nikishusha magunia ya mahindi, jioni nikishusha aljebra. Baadaye nikapata cheti cha kompyuta, ambacho Shangazi alikitundika juu ya jokofu la soda, na wateja wengi wamekikagua wakidhani ni leseni ya biashara. Mtu mwenye cheti juu ya jokofu hawezi kukaa kimya.

"Shangazi," nikamwambia, "dawa ni mashine."

"Mashine tunayo. Ile ya risiti za kodi si ndiyo ile?"

"Siyo hiyo. Hii ni ya kuendesha hoteli nzima. Mhudumu anagusa kioo hapa kaunta, karatasi inatoka yenyewe jikoni. Hakuna kupiga kelele. Mteja analipa kwa simu akiwa bado kwenye foleni. Jioni unajua nini kimeuzwa na nini kimelala."

"Kilicholala nakijua. Kinakoroma kwenye benchi."

Alikubali lakini. Nadhani alikubali kwa ajili ya vigae vya jirani. Fundi akaja kutoka Morogoro na kishikwambi cha kusimama kaunta, printa ndogo ya jikoni, printa ndogo ya kaunta, na mtoto wa meza wa kuwekea hela, anayefunguka mwenyewe kwa mlio wa kengele. Akafunga kila kitu, akala sahani mbili, akaondoka. Kazi ya kuifundisha mashine vyakula vyetu akaniachia mimi. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nilizeeka pale.

Mpishi wetu ni mtu wa Kidete, alizaliwa kando ya reli, na kama reli yenyewe, hapindi bila sababu kubwa.

"Tuanze na wali," nikamwambia.

"Wali na nini?"

"Wali tu. Kitufe cha wali."

"Hakuna anayekula wali tu. Labda mgonjwa."

"Haya, wali nyama."

"Nyama kavu au rosti?"

"Rosti."

"Yenye mafuta au isiyo na mafuta? Na ukoko? Kuna dereva wa lori anakula ukoko, anaita keki. Halafu kuna nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu ndiyo nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeokotwa. "Wewe umekulia wapi? Wali nusu, ugali nusu, maharage juu ya wali, mboga juu ya ugali, mchuzi usiguse ugali."

"Nani anakula hivyo?"

"Nusu ya basi."

Nusu kwa nusu peke yake ilinila siku nzima. Mashine ilitaka kila chakula kiwe na jina moja na bei moja, na watu wetu hawaagizi chakula, wanakijadili. Mteja anauliza, "Leo kuna nini?" Anatajiwa vyote. Anasema, "Basi nipe wali kuku." Kisha, "Kuku yupi?" Kisha, "Niwekee wa jana kama yupo, ndiye amekolea." Nionyeshe kiwanda cha Uchina kilichotengeneza kitufe cha kuku wa jana.

Likaja suala la salamu. Fundi alikuwa ameiweka mashine ijifunge yenyewe ikikaa nusu dakika bila kuguswa, eti usalama. Pale kaunta tulikuwa na binti aliyelelewa vizuri, labda kupita kiasi. Siku ya gulio wakaingia wazee wa Kisanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo babu. Habari za Kisanga?"

"Kisanga kwema. Mvua siyo haba. Ila nguruwe pori wametulia mihogo."

"Poleni babu."

"Tumeshapoa. Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo, wanawasalimu."

Kioo kikawa cheusi: weka neno la siri. Binti akaliweka. Lakini nyuma ya babu kulikuwa na bibi, na bibi hasalimiwi kwa salamu iliyobaki ya babu. Anaanzishiwa yake mpya, na mihogo inaliwa upya na nguruwe walewale. Kioo kikawa cheusi tena. Nyuma ya bibi, shemeji yake. Nilisimama pale nimeshika kichwa kwa mikono miwili.

"Wasalimie huku unakigusagusa kioo," nikamnong'oneza binti.

Akatii. Akasalimia kwa mdomo, kidole kikipapasa kioo, na wakati mzee wa mwisho anasema "marahaba" printa ya jikoni ilikuwa inatapika karatasi ndefu kama utepe wa kuzindulia daraja. Nilipokwenda jikoni baadaye nilimkuta mpishi amelowa jasho, amezungukwa na chapati hadi kwenye dirisha.

"Hizi za nani?" nikauliza.

"Sijui. Karatasi imesema."

"Umeona wapi watu watano wakala chapati zote hizi?"

"Mimi sikuajiriwa kuona. Wewe ulisema nifuate karatasi."

Tulikula chapati mpaka tukaota chapati. Nikampigia fundi simu nimwombe aongeze muda wa kioo kubaki wazi. Akanijibu, "Kaka, hilo ni la usalama. Wafundishe wahudumu wafupishe salamu." Shangazi alikuwa karibu, akasikia. Akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, mama yako alikufundisha kufupisha salamu?"

Fundi akaanza kujieleza.

"Na hata mimi hujaniamkia."

"Shikamoo mama," simu ikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Sasa ongeza huo muda."

Jioni ile ile muda ukaongezwa. Ilitosha kwa wazee wa Kisanga. Kwa wazee wa Masanze bado haitoshi, lakini wale hata jua linazama wakiwa kwenye habari za shambani.

Sitaki mtu adhani nasema mashine haikufaa. Ilifaa, na ndiyo maana nakasirika zaidi. Ilipozoeleka, abiria walikuwa wanapanga foleni kama watu wa Ulaya, wanalipa kwa simu, karatasi zinatoka jikoni kimyakimya, sahani zinatoka zikiwa sahihi. Tukaanza kujua kwamba samaki huisha mapema na maini yanabaki, Shangazi akapunguza maini. Dereva mwenyewe siku moja akapita kaunta akigonga meza kwa kidole. "Mtaalamu," akaniambia, "juzi nimeingia Iringa jua bado linaunguza." Niliposikia hivyo nilivimba, nikashindwa kupita mlango wa jikoni ila kwa ubavu.

Katika kuvimba huko nikatoa amri. Niliona bado kuna sahani zinatoka kienyeji, mara ya shoga wa mhudumu, mara ya fundi pikipiki anayesema atalipa Jumatatu bila kutaja ya mwezi gani. Nikawakusanya wote jikoni. "Kuanzia leo," nikasema, "hakuna karatasi, hakuna sahani. Na kila anayekula anapelekewa bili mezani, kwenye kisosi, pamoja na vijiti vya meno. Kila anayekula. Hakuna cha huyu nani wala yule nani." Shangazi naye alikuwepo, anachambua mchele, akatikisa kichwa kukubali kama anavyotikisa kanisani. Mpishi akauliza, "Kila anayekula?" Nikamwambia, "Kila mwenye mdomo."

Siku chache zikapita, Shangazi akimpakulia dereva mwenyewe, kisha akaenda msibani Masanze. Akaniachia hoteli.

Honi ikalia, mbili ndefu. Basi likaingia. Foleni ikaenda kama maji. Nilikuwa nje namwelekeza abiria choo, nikirudi nawaona dereva na konda wake wamekaa dirishani, mikono wameshanawa, meza tupu. Dereva anatazama jikoni. Sijawahi kumwona yule mtu akitazama jikoni. Siku zote sahani humfikia kabla kiti hakijapata joto.

Nikaingia jikoni mbio. "Chakula cha dereva kiko wapi?"

"Karatasi iko wapi?" mpishi akaniuliza.

"Ni dereva!"

"Ana mdomo?"

Naapa, ningekuwa na reli karibu ningeipinda siku ile. Nikamwambia binti wa kaunta, "Andika haraka chakula cha dereva," nikageuka kumsikiliza abiria aliyekuwa anadai hela yake imekwenda na mtandao haujarudi. Binti akaandika. Jikoni ikatoka karatasi, mpishi akapakua, paja likaenda. Nikashusha pumzi. Sikujua kwamba mashine ikishaandikiwa huwa inatoa karatasi mbili, ya jikoni na ya kaunta. Yaani kujua nilijua, mimi ndiye niliyeipanga hivyo. Sikukumbuka.

Dereva alipomaliza kula, yule binti mwenye malezi mema akamwendea, akapiga goti kidogo, akaweka mbele yake kisosi. Vijiti vya meno. Na bili.

Kumpelekea dereva wa basi bili ni sawa na kumdai bwana harusi kiingilio. Hata feni nadhani ilisimama. Dereva akaichukua ile karatasi, akainyoosha, akaisogeza mbali na macho, akaisoma kwa sauti anayotumia kuwatangazia abiria vituo.

"'Ugali kuku, moja. Mchuzi wa pembeni, moja. Pilipili, moja.'" Akanyanyua macho. "Pilipili nayo?"

Akaendelea. "'Asante kwa kutuchagua. Karibu tena.'"

Nikaenda mbio nikigonga viti. "Baba, samahani, hiyo ni mashine tu, imekosea—"

"Haijakosea. Nimekula."

Akatoa pochi. Mimi namshika mkono, yeye anautoa taratibu kama mtu anayetoa mwiba. Akalipa. Akamlipia na konda. Binti alipotaka kumrudishia, akasema, "Chenji mnunulie karatasi nyingine." Akatoka, akapanda, akaondoa basi polepole sana. Afadhali angetutukana. Matusi yana mwisho.

Shangazi akarudi mchana ule na nguo zake za msibani.

"Basi lilikuja?"

"Lilikuja, likaondoka kwa wakati."

"Dereva wangu kala?"

"Kala."

"Kafurahi?"

Binti akanitangulia. "Kalipa, Shangazi."

Shangazi akakaa juu ya gunia la mkaa, na ile nguo yake nyeupe. Nimemwona mama yule akizika ndugu, nimeona mafuriko yakimchukulia shamba la mpunga, sijawahi kumwona akikaa juu ya mkaa.

Safari iliyofuata honi ikalia vilevile, mbili ndefu. Mpishi akaamka. Wahudumu wakapanga sahani. Shangazi akakaza kitenge. Tukaona basi linakuja, linapunguza mwendo, linawasha taa ya kukata kona, na linakata kona kwenda ng'ambo. Abiria wetu wakamwagika kwenye vigae. Mchana wote tulitazamana na wali. Safari ya pili hivyo, na ya tatu. Jirani akavuka barabara kuja kutusalimia, mtu ambaye kwa miaka alikuwa anatusalimia kwa nyusi. "Poleni na mashine," akasema. Shangazi akamjibu kwamba tumeshapoa, akamkaribisha chai, na mimi akaanza kuniita Mheshimiwa. Akishaniita Mheshimiwa najua nimekufa.

"Mheshimiwa," akaniambia, "Jumamosi dereva anapumzika kwake Kilosa. Utakwenda."

"Twende wote, Shangazi."

"Mimi nilimpa karatasi?"

Akanipa jogoo. Mzima, mwekundu, mwenye maoni. Nikaazima pikipiki, jogoo nikamfunga nyuma, na kutoka Mikumi hadi Kilosa kila shimo lilipotokea yeye alinidonoa mgongoni kana kwamba mimi ndiye niliyelichimba. Nilifika nimekuwa mwekundu kuliko yeye, kwa vumbi.

Dereva nilimkuta uani amevaa singlendi, anafua mashati yake meupe ya kazi. Inasemekana haruhusu mtu mwingine aguse kola zake.

"Shikamoo baba."

Akasuuza shati. Akalikamua. Akalianika. Akalinyoosha kola. Ndipo akasema, "Marahaba. Mashine haijambo?"

"Haijambo."

"Inakula?"

"Baba, nimekuja kuomba radhi."

"Kaa kwanza. Mtu haombi radhi na njaa."

Mkewe akaleta ugali, mlenda na samaki wadogo wa kukaanga. Nikala nikiwa na aibu, lakini nikala vizuri, aibu yangu haijawahi kushuka hadi tumboni. Nilipomaliza na kunawa, dereva akakohoa.

"Sasa nikuletee bili?"

"Hapana baba."

"Kwa nini? Si umekula?"

"Nimekula kama mgeni wako."

"Aa. Kumbe unalijua." Akakaa mbele yangu kwenye kigoda. "Sikiliza, mtaalamu. Hela ya ugali ninayo. Nikitaka kununua chakula, Morogoro mzima unauza chakula. Abiria wangu tukikaribia Mikumi nawaambia, jamani tunakwenda kula kwetu. Kwetu. Halafu nakaa namngoja mpishi kama mtu aliyepotea njia, halafu binti ananipigia goti ananipa karatasi mbele yao wote. Tena imeandikwa pilipili."

"Pilipili nitaifuta, baba."

Mkewe akacheka nyuma ya mlango. Yeye hakucheka, lakini uso ulilegea kidogo.

"Mwambie mama nitakuja Jumatatu. Mara moja. Sitaki kungoja, na sitaki kuona karatasi. Nikingoja, au nikiona karatasi hata ya kufungia andazi, nimehamia kwenye vigae moja kwa moja." Akamtazama jogoo. "Huyu ana risiti?"

"Hana."

"Basi mwache."

Nilirudi Mikumi nikiwaza. Kwake ni rahisi: asingoje, asione karatasi. Kwangu tatizo ni kwamba mpishi bila karatasi hapakui, na nikimwondolea karatasi mpishi, shoga wa mhudumu na fundi pikipiki wanarudi wote na Jumatatu zao. Nikaingia kwenye mashine kuandika chakula cha dereva kwa bei ya sifuri. Ikakataa. Ikasema bei siyo sahihi. Nikajaribu kuacha wazi. Ikakataa. Nikampigia fundi.

"Kaka, sahani haiwezi kutoka bila bei," akasema. "Labda iwe chakula cha mfanyakazi. Huyo haletewi bili, inatoka karatasi ya jikoni peke yake."

"Basi mwandike dereva kama mfanyakazi."

"Chagua kazi yake hapo kwenye orodha."

Nikatazama. Meneja, mpishi, mhudumu, mlinzi. Dereva hakuna. Nilimbishia fundi mpaka salio likaisha. Meneja hatuna nafasi, kwa sababu ni Shangazi. Mpishi nikimwita mtu mwingine mpishi, yule wa Kidete angeondoka kwa miguu. Mhudumu, mtu wa heshima kama yule? Nikamweka mlinzi, wa zamu ya mchana. Nikaweka na chakula chake chote kwenye kitufe kimoja kikubwa chekundu. Nikamwonyesha Shangazi: ukisikia honi, bonyeza hapa. Kabla hajafika kwenye matuta karatasi iko jikoni. Shangazi akakitazama kile kitufe kama mtu anayeonyeshwa nyoka aliyefugwa.

Jumatatu ikafika. Shangazi alisimama kaunta tangu asubuhi na kidole hewani. Kila baada ya muda kioo kinakuwa cheusi, naweka neno la siri, kinafunguka, anarudisha kidole. Honi ikalia. Mbili ndefu. Akabonyeza kwa nguvu zote, nikadhani kioo kimepasuka. Jikoni printa ikalia, mpishi akapakua. Basi likapunguza mwendo. Likawasha taa. Likaja kwetu.

Dereva akaingia, akanawa, akakaa dirishani. Kabla kiti hakijapata joto Shangazi alikuwa mbele yake na sahani, kwa mikono miwili. Ugali, paja, bakuli la pembeni, pilipili nzima. Konda naye yake, kwa kitufe chake kidogo. Abiria wako kwenye foleni, simu zinalia, kila kitu kinakwenda. Mimi nimejificha nyuma ya jokofu, chini ya cheti changu, nashukuru Mungu.

Dereva akainua sahani kidogo aisogeze. Chini yake kulikuwa na karatasi.

Mpishi! Kila sahani ya abiria huiwekea karatasi yake chini ili wahudumu wajue inakwenda wapi, na hiyo nayo nilimfundisha mimi. Mtu wa reli. Nilimtazama kupitia tundu la jikoni, naye akanitazama, uso wake mtulivu kabisa: kila sahani ulisema.

Dereva akaichukua ile karatasi. Akainyoosha, akaisogeza mbali na macho. Shangazi alikuwa bado amesimama palepale, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"'Chakula cha mfanyakazi,'" dereva akasoma, sauti ileile ya vituo. "'Mlinzi. Zamu ya mchana.'" Akaigeuza kuangalia bei nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe. "Mama, mlinzi ni nani?"

"Ni wewe, baba," Shangazi akasema.

"Mimi nalinda nini hapa?"

Shangazi hakugeuka kunitazama. Hakutaja mashine wala fundi wala orodha. Akakaza kitenge.

"Si unaiona hii hoteli? Siku zile hukuja, ungeikuta imekufa. Wewe ndiye unayeilinda."

Dereva akakaa na ile karatasi mkononi kwa muda ambao mimi nyuma ya jokofu nilizeeka mara ya pili. Kisha akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa lile shati jeupe, upande anakoweka leseni.

"Mlinzi mwenyewe hana hata rungu," akasema, akamega tonge.

"Rungu litanunuliwa."

"Na tochi."

"Zamu yako ya mchana, tochi ya nini?" konda akadakia, na hapo abiria wakacheka, feni ikaanza kuzunguka tena, na mimi nikatoka nyuma ya jokofu kumtafuta mpishi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Alikuwa ameshalala kwenye benchi.

Basi liliondoka kwa wakati. Lilipofika barabarani likapiga honi mbili ndefu, na Shangazi kule kaunta, kwa mazoea mapya, akabonyeza kitufe chekundu tena. Paja la pili likapakuliwa. Nililila mimi, nikiwa nimesimama, na karatasi yake chini.